Mkaidi wa Tanuru la Makanya: Hezroni Mshana, 1908–1957

Marehemu Hezroni Mshana alizaliwa Mbaga tarehe 14 Mei 1908, mtoto wa tatu wa Mzee Asheri, mfua chuma. Mzee Asheri hakumkabidhi mtu jembe kabla ya kuligonga jiweni mbele yake. Likipasuka, lilirudi motoni, hata kama mnunuzi ametoka Kisiwani kwa miguu. Hezroni alikulia kwenye moshi huo.

Alisoma shule ya misheni hapo Mbaga hadi darasa la nne, mwaka 1923. Mwaka 1931 aliteremka Makanya, kwenye kiwanda kidogo cha chupa karibu na stesheni, akaanza kwa kubeba kuni. Miaka sita baadaye alikabidhiwa tanuru la kupozea. Chupa ikipozwa haraka huonekana nzima, kumbe siku moja itapasuka yenyewe. Sharti ishikiliwe kwanza kwenye joto lake, ndipo ipoe taratibu. Hezroni alilipima joto hilo kwa uzi wa kioo wenye kitu kizito mwishoni, akauning'iniza tanuruni. Ukianza kurefuka, joto limefika.

Tarehe 9 Juni 1934 alifunga ndoa na Dorkas, binti wa Suji. Siku ya kwanza ukweni alipewa maji kwenye bilauri, akaigonga kwa ukucha na kusema, "Mama, hii haifiki Krismasi." Ilipasuka Novemba. Mama mkwe alinuna mwaka mzima!

Tarehe 17 Agosti 1949 zilikuwapo tanuruni chupa elfu mbili za dawa za hospitali, na treni ilikuwa inasubiri. Kipimo cha tanuru kilionyesha joto limefika, ila uzi wa Hezroni haukurefuka hata kidogo.

"Kipimo kimetoka Ulaya," meneja alisema. "Fungua, zipakiwe."

"Bwana, uzi huu haujasoma, lakini hausemi uongo."

Tanuru likafunguliwa kwa nguvu. Hezroni akachukua moja, akaitia maji ya moto mbele ya watu wote. Pa! Ya pili, pa! Meneja akaamuru zipakiwe vivyo hivyo. Hezroni akakaa juu ya makasha, akakunja mikono, hakuinuka mpaka treni ikaondoka. Jioni hiyo akapewa barua ya kufukuzwa, ikimwita mkaidi.

Watu walimcheka: mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Akawajibu, "Mimi Mlutheri, Idi nawaachia wenyewe." Barua akaitundika sebuleni nyuma ya kioo alichokipoza mwenyewe, akiiita cheti chake. Mwaka uliofuata kipimo kilikaguliwa, kilikuwa kibovu. Akaitwa arudi kazini. Akasema waliomfukuza kwa maandishi wamwombe radhi kwa maandishi. Hawakuandika. Alilima maharage na migomba hadi mwisho, na kichwa chake hakikuinama.

Kifua kilimshika Machi 1956. Hata chupa za dawa yake alizigonga kwanza kwa ukucha. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1957, Dorkas akiwa amemshika mkono.

Jana kiwanda kilileta shada la maua na ombi kwamba habari za mwaka 1949 zisisomwe hapa. Shada tumelipokea. Habari mmezisikia.

Ameacha mjane, Dorkas. Watoto watatu, Yusto, Esta na Lea. Na wajukuu wawili. Bwana ampumzishe kwa amani. Barua inabaki ukutani.