Mwalimu Saynab Dagane, Aliyelinganisha Hadi Baiti ya Mwisho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha, Mwalimu Saynab Dagane anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alipofika katika chuo chetu hapa Garissa, Idara ya Kompyuta ilikuwa yeye, kompyuta chache na vumbi.

Ni mzaliwa wa Liboi, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi. Alifundisha lugha ya kompyuta iitwayo C kwa Kiswahili, kwa Kisomali na kwa mikono yake miwili. Nani amesahau somo la memcmp, amri inayolinganisha vipande viwili vya kumbukumbu ya kompyuta baiti kwa baiti, na kurudisha sifuri vikifanana kabisa? "Hapa sifuri ni habari njema," alikuwa akisema. "Kwenye mtihani, msinijaribu!"

Mwaka juzi, mwanafunzi wake wa zamani, Hanad, aliandika programu ya kutambua ngamia sokoni kwa vitambulisho vya kielektroniki vya masikioni. Siku moja programu ikadai kwamba ngamia wa Mama Osob, mjane kutoka Dadaab, ndiye aliyeripotiwa kuibwa. Polisi wakamzunguka mama huyo.

"Wallahi, nilimzalisha mama yake kwa mikono hii!" Osob alilia.

Hanad alimpigia simu mwalimu wake. Saynab alifika chaki ingali vidoleni, akaisoma programu kwenye kivuli cha lori. Kijana alikuwa ametumia strcmp, amri ya kulinganisha maneno, ambayo huishia pale inapokutana na baiti ya sifuri. Namba za ngamia hao wawili zilifanana hadi kwenye sifuri, kisha zikaachana. Saynab akaweka memcmp, akaipa urefu wote wa namba. Skrini ikajibu: tofauti.

Osob alipiga vigelegele, akamkumbatia mwalimu hadi mtandio ukamvuka. Wiki hiyo maziwa ya ngamia yalimiminika chuoni. Hata sisi wa Umeme, tusiojua C, tulikunywa.

Hanad alitarajia kugombezwa. "Kesho njoo darasani," Saynab alimwambia, "uwafundishe wenzako kosa hili. Hakuna anayelijua kukuzidi." Alikuja, akapenda kufundisha, akabaki. Jumatatu ijayo yeye ndiye anayekabidhiwa darasa la Saynab.

Mwalimu, mashallah, umetulea. Tunakushukuru kwa moyo wote. Mola akujalie afya, wajukuu wenye maswali mengi na asubuhi zisizo na kengele.

Sadik Duba, Idara ya Umeme