Mama Hapana na Viti vya Mstari wa Mbele

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na aliye jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka mama aliyefariki dunia Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Tulimzika Jumamosi. Watu wote walimwita Mama Hapana.

Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka minne tu. Shikeni hayo mawili: miaka thelathini na mmoja ya kufua, miaka minne ya uzee wa kanisa. Habari yetu imo humo.

Jina hilo alilipata kwenye kikao chake cha kwanza cha wazee. Mwenyekiti alisoma azimio, kisha akauliza, kama ilivyo desturi ya vikao, kama yupo asiyekubaliana. Kalamu zilikuwa zimeshafungwa. Dobi akanyoosha mkono. "Mimi," akasema. "Hapana." Azimio lilihusu rangi ya lango. Walibishana saa nzima, na lango likapakwa rangi aliyoitaka yeye. Kufikia Jumapili hata watoto walikuwa wanamwita Mama Hapana.

Binti yake mkubwa ameniomba niseme ukweli. "Mama hakuwa malaika," aliniambia. "Alikuwa na mdomo. Akikasirika, vyombo jikoni vilijua. Na sala ndefu zilimchosha. Alikuwa anasema, Mungu si kiziwi, wala hana haraka ya kusikia hotuba."

Kazi yake mliijua? Hospitalini, nyuma ya wodi, kuna chumba chenye mvuke na mashine tatu, moja mbovu daima. Humo ndimo ulimoishia ujana wake. Mashuka yaliletwa yakiwa na damu, na usaha, na yote ambayo mwili hutoa ukizidiwa. Alifua, akakausha, akakunja. Kisha, jambo ambalo halikuwa kazi yake, aliyapeleka mwenyewe wodini, akatandika, akamuuliza mgonjwa habari za nyumbani.

Huko ndiko alikomjua mfumaji wa sweta.

Mfumaji alikuwa binti wa miaka ishirini na minne. Alijifungua kwa shida, siku mbili za uchungu. Mtoto hakuishi. Yeye aliachwa na fistula, yaani mkojo ulimtoka bila yeye kuweza kuuzuia. Mume akamrudisha kwao. Alikuwa anasubiri upasuaji, leo wodini, kesho kwao, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Aliosha, alibadilisha vitambaa, lakini harufu haikumwacha.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Kanisa ndiyo kwanza lilikuwa limepata viti vipya, vya kitambaa, na watu walivionea fahari. Mfumaji akaja ibadani. Watu wakaziba pua. Jumapili iliyofuata mhudumu akamhamishia dirishani. Jumapili ya tatu, wazee wakakaa kikao.

Wakaamua mfumaji aombwe kubaki nyumbani mpaka apone. Kwa upendo, walisema. Tena kwa faida yake mwenyewe. Na kwa kuwa Mama Hapana alimfahamu, apeleke yeye ujumbe.

"Hapana," akasema.

"Dada, hili si suala la kupiga kura," mwenyekiti akamwambia.

"Wala mimi sipigi kura. Nasema siendi. Mashuka yake nayafua mwaka wa pili sasa. Harufu haijaniua. Kiti kikilowa nitakifua. Lakini mtu mkishamfukuza, doa hilo mtalifua kwa sabuni gani?"

Kikao kikafungwa. Jumapili asubuhi akaenda kumchukua mfumaji kwao, wakaingia kanisani wameshikana mikono, wakakaa mstari wa mbele. Mstari wote ukahama. Viti kumi na viwili, watu wawili. Mwenyekiti akaja akainama, akanong'ona kwamba wanaaibisha kanisa.

"Basi niombee," Mama Hapana akamjibu, bila kunong'ona.

Wiki hiyohiyo walimsimamisha uzee kwa miezi sita. Sababu waliyoandika ni utovu wa nidhamu.

Msidhani hakuumia. Binti yake anakumbuka alivyorudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda na barua mapajani, akalia bila sauti. "Nilimwambia, Mama, makanisa yako mengi, tuhame," anasema binti. "Akafuta uso kwa kanga. Akaniambia, nihame niende wapi? Hapa ndipo nilipobatizwa. Wakitaka kunitoa, wanibebe."

Mfumaji naye alikata tamaa. Haya ni maneno yake mwenyewe: "Nilimfuata dobi nikamwambia, mama, mimi nitabaki nyumbani, usijivunjie heshima kwa ajili yangu. Akazima mashine ili tusikilizane. Akaniuliza, wewe unataka nini? Si wao, si mimi. Wewe. Tangu mtoto wangu afe, hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nikamwambia nataka kuimba. Nilikuwa naimba sauti ya pili."

Basi Jumapili iliyofuata walikuta viti vya mbele vimefungwa kamba. Hawakugombana na mtu. Wakarudi nyumbani kwa Mama Hapana, hatua mia mbili tu, wakabeba viti viwili vya plastiki, wakapita navyo katikati ya kanisa watu wakiimba, wakaviweka mbele ya kamba, wakakaa. Mfumaji akaimba sauti ya pili palepale alipokaa.

Wiki ya pili hivyohivyo. Na ya tatu. Kuna waliocheka, kuna waliowapa kisogo. Wiki ya tano, fundi seremala mmoja mzee, mtu asiyezungumza hata ukimkanyaga, akaingia na kigoda chake begani. Akakiweka karibu nao. Mkewe akamvuta shati; hakugeuka. Wiki iliyofuata akaja mwalimu wa watoto na stuli ya jikoni. Wiki ya kumi na nne walikuwa tisa, kila mtu na kiti chake, na kanisa lilionekana kama nyumba ya watu wanaohama.

Mchungaji alikuwa kimya muda wote huo. Jumapili hiyo ya kumi na nne aliacha mahubiri katikati. Akashuka madhabahuni, akafungua ile kamba kwa mikono yake. Ilikuwa imekazwa, ikamchukua muda. Kisha akasema: "Nilijua ni makosa tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu niliwaogopa wazee wangu. Nisameheni." Akamgeukia mfumaji. "Nisamehe wewe kwanza."

Mfumaji alirudi kwenye kwaya mwezi uleule. Wasikilizaji, alirudi akiwa bado mgonjwa. Narudia: akiwa bado mgonjwa. Upasuaji wa kwanza haukufanikiwa. Wa pili ulifanikiwa, mwaka mmoja na nusu baadaye. Kanisa halikumpokea kwa sababu amepona.

Miezi sita ilipokwisha, wazee walimwambia Mama Hapana arudi kikaoni, ila aandike barua ya kuomba radhi. Mnajua alichojibu. Hakuwa mzee wa kanisa tena hadi kufa kwake. Kwa miaka kumi na tisa alifagia, alipokea wageni mlangoni, na kila Jumatano alikwenda wodini kukaa na wale wasio na wa kuwatembelea. Hata alipostaafu kazi, Jumatano hakuikosa.

Mwezi uliopita figo zilimlaza kwenye wodi ileile. Mwenyekiti wa zamani, sasa mtu wa mkongojo, alikuja kumwona. Akasema, "Dada, tusameheane." Mama Hapana, sauti imebaki uzi, akamjibu: "Mimi na wewe tulishamalizana zamani. Aliyefukuzwa si mimi. Nenda kwake."

Alikwenda. Jumamosi asubuhi, kabla ya mazishi. Mfumaji amenisimulia: "Alisimama mlangoni nikamwambia ingia, kaa. Akasema aliyoyasema, akalia. Sikumwambia nimekusamehe. Nilimwambia nimesikia. Hilo lingine nitampa likiwa kweli. Kisha tukatembea pamoja kwenda kuzika."

Makaburini mfumaji ndiye aliyeongoza kwaya. Sasa yeye ndiye mwalimu wao.

Kwa mabinti wawili wa marehemu, kwa mdogo wake wa kiume, kwa wajukuu watano, na kwa madobi wote ambao leo wamesimama penye mvuke ule: poleni. Mungu awashike mkono. Mmempoteza mtu aliyewasumbua, na sisi tunajua pengo lake ni kubwa kiasi gani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, Jumapili hii mkiingia kanisani, msitazame nani amekuja. Tazameni nani hayupo. Mkishamjua, msimwombee mkiwa mmekaa. Inukeni, mkamlete.