Laroussi, Aliyeisubiri Kamba Miaka Kumi na Saba

Ndugu mliofika kuzika nasi, mimi Naceur, mpwa wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake, naye aliniusia nisifiche kitu.

Mjomba Laroussi alizaliwa hapa Ben Gardane, mpakani mwa Tunisia na Libya, tarehe 3 Machi 1961, pacha wa Dhaou, akasoma hadi darasa la sita, kisha yeye na pacha wake wakawa madereva wa kuvusha petroli kutoka Libya. Alimwoa Zohra mwaka 1986, wakajaliwa binti mmoja, Selma.

Tarehe 9 Juni 1994, wakigombea mapipa, mapacha hao walimpiga Ameur, baba wa watoto watatu, kwa spana hadi fuvu likapasuka, na alipoanguka hawakuacha. Laroussi alikamatwa, akahukumiwa kunyongwa mwaka 1995. Dhaou alivuka mpaka, akamuua mtu kwa kisu huko Libya, naye akahukumiwa kifo, akapigwa risasi tarehe 17 Aprili 1997, akarudishwa kwetu ndani ya blanketi na matundu sita kifuani, nikamwosha mimi.

Upande wetu kamba ya kunyongea, ambayo enzi za babu zetu haikupumzika, ilikuwa haijatumika tangu 1991, lakini nani angemwapia mfungwa kwamba haitarudi? Kila alfajiri, akisikia nyayo, mjomba alijikojolea, akauliza, “Leo ni mimi?” Askari akamjibu, “Kunywa chai yako, bwana, leo si wewe.” Wakati mmoja alijigonga kichwa ukutani hadi akazirai, ili amalize mwenyewe.

Mwaka 2012 hukumu ya kifo ilipunguzwa kuwa kifungo, mwaka 2017 akaachiwa, akaenda moja kwa moja kwa Mbarka, mjane wa Ameur, kuomba radhi, akamsimulia alfajiri zake za gerezani. Mama huyo alimtemea mate usoni. “Unanililia alfajiri zako? Mume wangu hakupewa hata moja! Nilitaka wakunyonge, na hata leo nataka.” Mwanawe akamvunja mjomba bega kwa nondo, na mjomba akakataa kushtaki.

Aliziba pancha miaka mitano, akaugua saratani ya mapafu, akafariki juzi, tarehe 11 Februari 2023, mikononi mwa Selma.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wenzake wa gereji. Tunamshukuru pia mama Mbarka, aliyesimama pale mlangoni tangu asubuhi. Hajasamehe, nasi hatumwombi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ameur kwanza, kisha Dhaou, kisha wewe, mjomba. Pumzika kwa amani.