Bwana Majani na Vibandiko Vilivyokatwa

Ndugu waombolezaji, familia imenikabidhi mimi, mdogo wa marehemu na mhasibu mstaafu, kazi ya kusoma maisha yake, na kwa kuwa mwongozaji wa shughuli ameniomba nifupishe, nitafupisha sifa, si ukweli.

Kaka yetu, mliyemwita Bwana Majani, nusu kwa mapenzi na nusu kwa dharau, alizaliwa tarehe 11 Machi 1948, mtoto wa pili kati ya watano, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu la vipuri vya baiskeli. Alimaliza sekondari mwaka 1968, akahitimu shahada ya elimu ya mimea mwaka 1972, na siku ya mahafali mjomba wetu alimuuliza mbele ya wageni kama kweli amesomeshwa miaka yote ile ili ajue ng'ombe wanakula nini.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa na idara ileile ya chuo iliyomfundisha, na kwa miaka thelathini na tano alilizunguka bonde lote na milima yake, akikata vitawi, akivikausha kati ya magazeti, akivishonea kwenye karatasi ngumu, na kubandika kwenye kona ya kila karatasi kibandiko chenye jina la mmea, mahali ulipoota na tarehe. Jumla ni karatasi 6,214, zikiwemo za mimea ya kinamasi ambacho leo ni maegesho ya malori.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977 na shemeji yangu, fundi cherehani, aliyevumilia magazeti chini ya kila godoro, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ni mwalimu wa biolojia.

Mwaka 2016, miaka minane baada ya kaka kustaafu, idara ilitarajia wageni, na mkuu wake, msomi mwenye shahada tatu na, kwa hesabu yangu, wazo moja, aliona vibandiko vile vilivyofifia vinaharibu sura ya makabati mapya, akaagiza vyote vikatwe kwa mkasi na kutiwa kwenye boksi moja, vipya vichapwe baadaye, kana kwamba mtu ameng'oa namba za nyumba za mtaa mzima, akazitia ndoo moja, kisha akamwambia tarishi aendelee na kazi. Mmea usiojulikana ulikatwa wapi na lini, kisayansi, ni chakula cha mbuzi.

Kaka hakugombana, alikwenda na binti yake kila Jumamosi, wakioanisha kingo zilizokatwa na mkasi, za kibandiko na za karatasi yake, hadi karatasi 1,306 zikapona, ndipo kufuli la stoo yenye makabati hayo likabadilishwa kwa hoja kwamba wastaafu na jamaa zao si watumishi. Mkuu alimwambia mlangoni, "Mzee, kapumzike, majani ni majani," naye akamjibu, "Basi wewe, mwanangu, ni mkuu wa nini?"

Alianza kuugua figo Februari 2021, akalazwa mara tatu, na kila mara aliuliza habari za kufuli kabla ya kuuliza majibu ya damu yake, akafariki Jumanne, tarehe 14 Juni 2022, karatasi 4,908 zikiwa bado yatima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliofunga turubai bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake kwa shada la maua, ambalo, naliona kutoka hapa, ni la plastiki.

Mkuu wa idara ametuletea habari kwamba ukumbi wa mikutano utapewa jina la marehemu. Tumekaa kikao cha familia, ukumbi hatuutaki, tunataka ufunguo wa stoo, ili binti aingie na kumalizia kazi ya baba yake, bila malipo, na boksi lile la vibandiko lisiguswe kabla hajaingia. Mheshimiwa ameketi safu ya pili, nami sitaketi mpaka atamke mbele yenu ndiyo au hapana, na wachimba kaburi wameniambia hawana haraka.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Lakini kwanza mkuu atujibu.