Werner Habegger na Bastola Iliyosuguliwa

Mchungaji, wifi yangu Lisbeth, wanawe Barbara na Matthias, majirani wa Hohmatt, nanyi wa chama cha walenga shabaha mliosimama huko nyuma na bendera yenu ingawa viti vipo, mimi ni Annelies, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu watoto wake walisema wao wangelia, nami tangu utotoni nina sifa ya kutolia mbele za watu. Nitayasoma maisha ya kaka yangu kwa mpangilio wake kama inavyopasa, ila juzi Jumanne, tulipokuwa tunachagua soksi za kumvika, Lisbeth aliniuliza kama Werner alimsamehe kweli kwa ile bastola au alimvumilia tu, swali ambalo amekaa nalo miaka hamsini na nne, nikamwambia jibu ninalo na nitampa hapa kanisani.

Werner Habegger alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Hohmatt, katika chumba kilicho juu ya zizi letu, akiwa mtoto wa kwanza wa Gottfried na Rosa Habegger, wakati baba alikuwa mpakani na jeshi kama baba wengine wote wa mwaka ule, hata akamwona mwanawe kwa mara ya kwanza akiwa tayari na meno mawili. Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, hesabu akaziweza, kuimba hakukuweza kabisa, na wanakwaya waliokaa mbele hapa wanajua kwamba hali hiyo haikubadilika mpaka mwisho.

Mwaka 1957 alikwenda Langnau kujifunza ufundi wa mashine, akapata cheti chake Aprili 1961, akafanya mafunzo ya jeshi mwaka huohuo, kisha akaajiriwa kutengeneza mashine za kukamulia maziwa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2006, na katika bonde lote hili sidhani kama lipo zizi ambalo ng'ombe wake hawakuwahi kumpiga teke. Alisema teke la ng'ombe linamfundisha mtu kusimama imara, na kwamba ndiyo siri ya kulenga vizuri kwa mkono mmoja.

Sasa nimefika kwenye bastola, na najua wengine mlikuwa mnangojea. Mwaka 1963, huko Trubschachen, mjane wa daktari wa mifugo alimuuzia bastola ya afisa wa jeshi letu, ya mwaka 1882, ile ya silinda inayozunguka, ikiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi na bado ina rangi iliyotoka nayo kiwandani, buluu iliyokolea kama zambarau iliyoiva, pasipo mkwaruzo. Kwa watu wa mambo haya rangi hiyo ya zamani ndiyo kila kitu, ikishatoka haina marejeo, na silaha iliyosuguliwa ikang'aa hata isafike namna gani wao huitazama kama mwenye nyumba anavyotazama panya. Werner hakuthubutu hata kuifyatua, aliiviringisha katika fulana ya sufu ya baba, akaiweka kabatini, na Jumapili alikuwa akiifunua, anaitazama, anaifunika tena, mama akisema afadhali kijana wa watu wengine anayetazama wasichana.

Msichana akapatikana hata hivyo. Werner aliitwa kwenye kiwanda kidogo cha jibini cha mzee Aeschlimann kutengeneza pampu, akakaa siku tatu kwa kazi ya nusu siku, na tarehe 8 Mei 1965 alimwoa Lisbeth, binti wa mzee huyo, katika kanisa hili hili. Ninyi mliolelewa kwenye jibini mnajua Lisbeth alitoka wapi, alitoka kwenye nyumba ambayo sufuria kubwa la shaba husuguliwa kila siku ya Mungu mpaka mtu ajione meno, na ambako chuma cheusi ni aibu ya mwanamke.

Wiki mbili baada ya harusi Werner aliitwa jeshini kwa yale mafunzo yake ya kila mwaka, naye bibi harusi, akiwa peke yake katika nyumba mpya, akaanza kusafisha, akafika kabatini, akafunua fulana, akakuta kitu cheusi cha huzuni. Alitumia ungaunga wa kusugulia shaba na waya wa masufuria, alitumia siku mbili nzima, vidole vikachubuka, na Jumamosi ya tarehe 12 Juni, mume aliporudi na sare yake na njaa yake, aliikuta bastola juu ya kitambaa cheupe katikati ya meza, inang'aa kama mwezi, kando yake meringi za ute wa yai na sukari na bakuli la krimu. Werner akasema, "Kweli inang'aa," akaketi, akala meringi tatu, akasema anakwenda kutusalimu sisi nyumbani.

Alinikuta zizini nikikamua, na yaliyosemwa pale nitayasema baadaye.

Maana Lisbeth hakujua kitu kwa miaka mitatu. Alijulishwa mwaka 1968, kwenye sikukuu ya shabaha ya majira ya kuchipua, na Ernst Fankhauser, mkusanyaji wa silaha za zamani kama Werner na rafiki yake wa kucheza karata, ambaye leo ameshika bendera, na Ernst usijifiche nyuma yake. Alikuwa na glasi ya tatu ya divai nyeupe alipomwambia, "Shemeji, mumeo amekuja tena na kijiko chake? Ungekuwa mke wangu, ningekufungia jikoni na masufuria yako." Lisbeth akauliza kijiko gani, na watu watano wakamweleza kwa pamoja, kwa furaha kubwa, kwamba kijiko ni ile bastola, na kwamba rangi aliyoisugua ndiyo iliyokuwa thamani yake.

Tangu hapo Lisbeth hakuigusa tena bastola, nayo ikaanza kupata madoa, mpaka Jumamosi moja Werner akaweka kopo la ule ungaunga mezani mbele yake. "Mke wangu, kesho nalenga," akamwambia. "Siwezi kwenda na silaha chafu, watu wataniuliza, je, nimeoa au sijaoa?" Tangu siku hiyo, kila mkesha wa shabaha, Lisbeth aliisugua, Werner akiwa upande wa pili wa meza anajaza risasi zake baruti nyeusi kwa kipimo kidogo cha shaba, na kwa kuwa bastola ile haikuwa na rangi ya kuogopea tena, ndiyo pekee aliyoifyatua bila wasiwasi, ndiyo iliyomletea vikombe vyote vile vya bati vilivyopangwa juu ya jiko lao. Nyingine, na zilifika thelathini, zilipigwa mara moja kwa mwaka ili zisisahau kazi yao, kisha zikarudi kulala.

Walijaliwa watoto wawili, Barbara tarehe 2 Februari 1967 na Matthias tarehe 19 Oktoba 1970, ambao walijifunza kulenga kabla ya kujifunza kuendesha baiskeli, na wajukuu wanne, ambao wanapenda zaidi mpira.

Mwaka 1991 chama kilifanya maonyesho ya silaha za zamani ukumbini, akaletwa mtaalamu kutoka mjini, bwana mwenye glavu nyeupe, akazisifu zote za Werner, akafika kwenye ile moja, akasema, "Hii iondoke, inaharibu meza." Lisbeth alikuwa pale pale akikata mkate wa wageni. Werner hakubishana, alifungua sanduku lake na kuanza kuzirudisha ndani moja moja, na alipoulizwa anafanya nini akajibu, "Zimekuja familia nzima, zitaondoka familia nzima." Ernst naye, namsifu kwa hili, akaanza kufunga za kwake, na mtaalamu akaona meza inabaki na kitambaa tu, akavua glavu. Zote zikafunikwa kwa vioo, ile bastola ikiwa katikati, na watoto wa shule waliopita siku zile hawakuacha alama za pua kwenye kioo kingine chochote.

Mwaka 2015 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na madaktari wakaupa ugonjwa jina lake. Alilenga mara ya mwisho Mei 2018, Lisbeth amesimama kando ameshika vikinga masikio vyake, risasi sita, mbili zikaingia kwenye karatasi, nne Mungu ndiye anayejua, naye akarudi akicheka akasema kijiko kimemwaga supu. Alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 12 Novemba 2022, akiwa na miaka themanini na mmoja, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, na hapo ukatulia.

Familia inamshukuru daktari wetu na wauguzi waliokuja nyumbani hata theluji ya mwaka jana ilipofunga barabara, majirani walioleta viazi na kuni bila kuombwa, mafundi wenzake wa zamani, na chama cha walenga shabaha. Bastola thelathini zinabaki pamoja chini ya Matthias, ambaye ameshaziandikisha kwa polisi wa jimbo. Ile moja inabaki jikoni.

Sasa, wifi yangu, swali lako. Siku ile Werner aliketi kwenye kigoda changu cha kukamulia, na alilia, Lisbeth, sitakuficha, alilia kama mtu aliyefiwa na ng'ombe. Nikamwambia, "Basi tafuta nyingine, zipo." Akajipangusa pua kwa mkono wa sare, akaniambia, "Bastola zipo. Mtu wa kukaa siku mbili kunisugulia chuma mpaka vidole vichubuke, akidhani ananifurahisha, nitampata wapi?" Akanawa uso kwenye pipa la maji ya ng'ombe, akarudi kwako kumalizia krimu. Na kama hilo halitoshi, muulize Ernst, mwaka 1984 alimletea nyingine ya namna ile ile, rangi yote kamili, kwa bei ya kirafiki, na Werner aliishika, akaigeuza dirishani, akamrudishia. "Nzuri," akamwambia, "lakini ninayo."

Alikusamehe kabla meringi hazijaisha, Lisbeth, na yaliyobaki yote yalikuwa furaha yake.

Kaka yangu, pumzika kwa amani, mkono umetulia, na silaha yako tumeiacha safi.