Simu Iliyotangaza Saa Sifuri

Wazee wangu shikamooni, na nyie wenzangu mnaoishi na wazazi wasioona, habari za majumbani. Nimeambiwa nisimame niseme nilivyoanguka. Kuanguka kwangu hakukuwa na vumbi, maana mimi hata barazani kwetu Raskazone, hapa Tanga, sitoki bila sababu. Nilianguka nikiwa nimekaa kitini.

Mama alipopoteza macho, kilichomuudhi zaidi ni kuuliza saa. "Nikuzae mimi, halafu nikuombe wewe saa?" Simu yake ilikuwa na sauti ya kusoma, lakini saa mbili usiku iliisoma "ishirini kamili". Mama akaijibu, "Ishirini nini, mayai?"

Mimi nimeishia kidato cha nne, kompyuta nimejifunzia chumbani. Nikaandika maktaba. Siyo ya vitabu, msicheke. Ni maagizo ya kompyuta ambayo mtengeneza programu yeyote wa simu anayachukua bure, anaona ndani, na akitaka anarekebisha. Yangu inaifanya simu itaje saa kama tunavyozitaja sisi. Hesabu yake ndogo: simu inaanza kuhesabu saa sita usiku, sisi tunaanza jua likichomoza, basi unatoa sita. Ikizidi kumi na mbili, unatoa kumi na mbili. Nikajaribu mchana, nikajaribu jioni, ikakubali. Nikaiweka mtandaoni kwa majivuno, na mama nikamwekea.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: alfajiri sikujaribu, kwa sababu mimi na alfajiri hatujuani. Naamka saa tatu.

Ujumbe wa kwanza ukatoka kwa kijana wa Mombasa, simjui. "Dada, simu ya nyanya yangu leo imetangaza saa hasi moja. Nyinyi Tanga hamna alfajiri?" Chini yake aliandika mengi, sikuyasoma. Niliona nimeanikwa mbele ya dunia nzima. Nikaifungia maktaba isionekane na mtu, nikafunga kompyuta, nikajifunika shuka. Wiki zikapita. Mwenye macho amelala, asiyeona anampikia uji. Ndiyo, chekeni.

Siku moja kiu ikaniamsha mapema, nikamsikia mama uani anamwita jirani ng'ambo ya ukuta.

"Jirani! Saa ngapi?"

"Kumi na mbili, mwenzangu."

Nikatoka. "Mama, si una simu?"

"Simu yako inasema saa sifuri. Siku ya kwanza nilidhani ndiyo kiyama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala."

Hilo liliniuma kuliko lile la Mombasa. Mama amerudi kuombaomba saa, tena safari hii ukutani. Nikamweleza habari ya ule ujumbe, kwamba nimechekwa.

"Mtu kakupigia hodi, mwanangu," akasema, "wewe ukaingia uvunguni. Nenda kafungue."

Nikaenda, nikasoma mpaka chini. Kumbe kijana alishatengeneza! Jibu likiwa sifuri au chini yake, ongeza kumi na mbili. Amejaribu saa zote, usiku na mchana. Mwisho ameandika, "Nyanya anakusalimu. Amefurahi kutouliza saa tena." Nikalia, kisha nikaandika: "Karibu ndani." Marekebisho yake nikayapokea, maktaba nikaiacha wazi. Baada yake akaja dada wa Pemba, akaifundisha kusema kasorobo. Siku hizi na mimi nazipigia hodi maktaba za wenzangu, na nikijibiwa kwa ukali nakunywa maji kwanza, halafu naendelea kusoma.

Nawashukuru wageni wale nisiowahi kuwaona. Namshukuru jirani yetu, aliyejibu kila alipoitwa. Na mama, aliyenivumilia. Nililojifunza ni hili: ukichekwa kwa kazi uliyoifanya, usikimbie kabla hujasikia la pili. Huenda anayekucheka ameshika dawa mkononi.

Mama haniulizi saa tena, ananiambia. Kila asubuhi anasimama mlangoni pangu na simu yake, anaisikiliza, kisha anapaza sauti jirani naye asikie:

"Kumi na mbili kamili! Watu wote wanajua saa, isipokuwa aliyeitengeneza!"