Mama Subiri Anaondoka, Simu Haiondoki

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kampuni yetu ya kurekodi muziki, mkuu wa kitengo cha vibali anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye barua ya kustaafu, na huko ndiko litakakobaki, maana hapa kazini hakuna anayelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi wakurugenzi, sote tunamwita Mama Subiri. Ofisi ya Meneja Mkuu ilituomba tumwandikie wasifu kwa jarida la kampuni litakalogawiwa kwenye sherehe ya kumuaga, uwe mfupi, wa furaha, usiogusa mambo ya ndani ya kampuni. Ufupi tumejaribu. Furaha ipo. Hilo la tatu limetushinda.

Limetushinda kwa sababu siku atakapofunga mlango wake, chumba kitageuzwa stoo, simu yake ya mezani itang'olewa, na kazi yake itakabidhiwa mtambo wa kompyuta. Mteja atabofya, atalipa, atapewa wimbo. Hakuna mwanamuziki atakayeulizwa. Mama Subiri ametumia maisha yake yote ya kazi akiuliza, na wasifu huu unahusu kuuliza huko, na kama kutaendelea baada yake.

Kwa wageni wa sherehe wasioijua kazi yetu, mambo yako hivi. Zamani kampuni iliishi kwa kuuza santuri, kisha kanda, kisha sidii. Siku hizi watu husikiliza mtandaoni, na kinachotufikia kutoka huko ni matone. Kinachotulisha sasa ni rekodi za zamani. Mtu wa matangazo anataka kipande cha wimbo cha kuuzia rangi ya ukuta, mtu wa filamu anataka muziki wa kumsindikiza mhusika wake anayeachwa na mume, na wote hao lazima wapate kibali kwetu. Rekodi ni mali ya kampuni. Wanamuziki walitia sahihi walipokuwa vijana, wengi wao wakiwa na hamu ya kuingia studio kuliko kusoma karatasi, na kwa mujibu wa mkataba hatulazimiki hata kuwasalimia.

Mama Subiri aliusoma mkataba huo siku yake ya kwanza, akasema umeandikwa vizuri sana, kisha akachukua simu. Ombi likija, anamtafuta aliyeimba, au mjane wake, au mwanawe. Anataja jina la wimbo, anaweka mkono wa simu mbele ya spika, na anaupiga wimbo wote, hata kama mteja anataka sekunde kumi tu. Ukiisha ndipo anaeleza unatakiwa wapi na kwa ajili ya nini, kwa maneno ya kawaida, halafu anauliza kama ni sawa. Ukitaka kujua kwa nini asiulize moja kwa moja, atakwambia huwezi kumwuliza mzazi habari za mwanawe aliyepotezana naye miaka mingi kabla hujamleta wakaonana.

Wauzaji wetu wamekuwa wakija mbio mlangoni kwake, mteja yuko kwenye laini nyingine, jasho linawatoka. Yeye huinua kidole kimoja na kusema, "Subiri kwanza, hatujafika kwenye gitaa." Jina lilitoka hapo. Hulisema neno hilo kwa upole kiasi kwamba unajikuta umeshavuta kiti kabla hujakumbuka kukasirika.

Si kwamba hakuwahi kuboronga. Mwaka mmoja alimpigia mzee mpiga tarumbeta, akamwekea wimbo usio wake. Ulikuwa wa bendi ya hasimu wake, mtu ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu enzi za santuri. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akasema utumieni popote mnapotaka, siku ile nilipuliza kweli kweli. Kosa lilipogunduliwa, wauzaji walishauri tunyamaze. Mama Subiri alimpigia tena saa ile ile akamweleza ukweli wote. Mzee alikata simu na kununa mwezi mzima. Kisha akapiga mwenyewe, akakiri kwamba yule bwana alipuliza vizuri, ila akaomba asiambiwe. Tangu hapo ndipo Mama Subiri alipoanza kutaja jina la wimbo kabla ya kuupiga. Wazee wote wawili wametutoka, na kisa hiki tumekisimulia baada ya kuwaomba ruhusa wajane wao. Tuliwapigia. Mmoja alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

Miaka sita iliyopita alikuja Meneja Mkuu wa sasa, ambaye tunamwita Bwana Kasi, naye jina hilo analijua. Si mtu mbaya. Hukumbuka siku zetu za kuzaliwa, na mishahara haijawahi kuchelewa chini yake. Hoja yake ni kwamba mteja wa leo hangoji: akikosa jibu ndani ya saa moja, anachukua wimbo kwa kampuni nyingine. Ni kweli. Tumepoteza wateja kwa sababu ya simu ya Mama Subiri, na hatutamdanganya mtu hapa kwamba wote walirudi. Wengi hawakurudi, na ilituuma, maana wauzaji ni wenzetu.

Mvutano mkubwa uliletwa na wimbo wa kubembeleza mtoto. Aliyeuimba sasa ni bibi wa wajukuu kadhaa. Ukiusikia utadhani mtoto amelala mapajani. Ukweli ni kwamba aliurekodi baada ya kumzika mwanawe wa kwanza, na aliomba taa za studio zizimwe ndipo akaweza kuimba. Kampuni moja ya mikopo ya simu iliutaka kwa tangazo: lipa deni lako, ulale usingizi mnono. Mama Subiri alipiga simu, akaupiga wimbo, akaeleza. Kisha bibi akasema, "Mwanangu, hao hapana."

Bwana Kasi alishuka mwenyewe, mkataba mkononi, akamwonyesha kifungu. Mama Subiri alimjibu kwamba kifungu hicho anakijua kwa moyo, hadi nukta zake, na kwamba bibi amekataa. Kanuni ya wakati huo ilitaka kila kibali kiwe na sahihi ya mkuu wa kitengo. Kalamu ilikuwa mezani katikati yao. Hakuigusa. Sisi wengine tulikuwa nje ya mlango tukijifanya tunatengeneza mashine ya kunakilia, ambayo ilikuwa nzima kabisa.

Mteja alikwenda zake. Wiki iliyofuata Mama Subiri alihamishwa kutoka chumba chake cha zamani, chenye dirisha, akapelekwa kijichumba kilicho chini ya tangi la maji. Barua ilisema ni kupanga upya matumizi ya nafasi. Alibeba simu yake kwapani, waya ukiburuzika nyuma yake korido nzima, na alimweleza kila aliyekutana naye anakopelekwa na sababu yake. Tangi lile hunguruma kila mtu afunguapo bomba, na mwanamuziki mmoja aliyepigiwa aliuliza ni nani huyo anayepiga ngoma kwa nyuma, maana anavuruga mapigo. Cheo chake kiligandishwa hapo hapo. Msidhani alivumilia kimya kimya. Alilalamika katika kila mkutano wa wafanyakazi, na alipoambiwa muda umekwisha, aliwaambia wasubiri.

Mwezi uliopita tulimsaidia kufungasha. Mmoja wetu akamwuliza ni nini hasa kilichomfanya ashike kani namna ile kwa ajili ya watu ambao wengine wao hajawahi kuwaona. Tulitegemea hotuba kuhusu haki. Alikuwa anavingirisha vikombe vyake kwenye magazeti, akacheka, akatuambia jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua.

Alipokuwa binti wa miaka ishirini aliitwa katika studio hii hii, yeye na wasichana wengine wawili, kuitikia kwenye wimbo mmoja. Mwisho wa wimbo kuna sauti ya juu inayopanda peke yake, na hiyo ni yake. Majina yao hayakuandikwa kwenye jalada. Miaka ikapita, akaolewa, na siku moja alikuwa dukani anachagua vitunguu redio ya mwenye duka ilipoleta tangazo. Ilikuwa sauti yake, ile inayopanda, na ilikuwa inauza dawa ya mende. Mwenye duka alikuwa anaiimba pamoja nayo huku akipima sukari. Mama Subiri alitaka kumwambia huyo ni mimi, akaona ataonekana mwehu. Akalipia vitunguu, akarudi nyumbani, akalia jikoni, na mumewe alipoingia hakuvisingizia vitunguu.

Mumewe ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Aliapa kwamba dawa ile haitaingia nyumbani kwake, na katika nyumba ile mende huuawa kwa kandambili mpaka leo. Mwaka uliofuata Mama Subiri aliona kampuni yetu inatafuta karani wa vibali. Akaomba kazi, akaipata, na katika usaili hakusema neno lolote kuhusu mende.

Tulicheka sana alipofika kwenye kandambili. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu tulielewa kitu kwa pamoja. Mwanamke huyu ameuliza watu wasiohesabika kama ni sawa, na yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa. Wimbo ule haujaombwa na mteja tangu aingie hapa.

Sasa turudi kwenye mtambo. Mtambo utatoa idhini wenyewe, bila sahihi ya mtu, hilo hatuwezi kulizuia. Lakini rekodi za zamani haziko ndani ya mtambo. Ziko kwenye kanda, rafuni, na mtu lazima azitoe, azisafishe vumbi, azipige, azigeuze faili na kumtumia mteja. Watu wanaojua kufanya hivyo ni sisi watano wa kitengo cha vibali, na tumekata shauri. Hakuna kanda itakayoshuka rafuni kabla aliyeiimba hajapigiwa, akasikiliza hadi mwisho, akajibu. Akikataa, mteja ataonyeshwa nyimbo nyingine, zimejaa tele. Hayo tumemwambia Bwana Kasi ana kwa ana, sote watano tukiwa tumesimama, na hapa tunayarudia ili asije mtu akasema yalikuwa maneno ya korido.

Alitukumbusha kwamba tunaweza kupoteza kazi. Tunajua. Wengine wetu tuna watoto shuleni na nyumba za kupanga, na hakuna aliyelala vizuri wiki hii. Lakini mkuu wetu alitufundisha kazi kwa namna moja, na namna nyingine hatuijui wala hatutaki kufundishwa. Ofisi ya Bwana Kasi iliomba pia aya hii na iliyotangulia ziondolewe kwenye jarida. Mnazisoma.

Fundi wa simu aliwahi siku yake, alikuja Alhamisi kung'oa ile simu ya mezani na hakuikuta. Iko kwenye dawati la mwandishi wa wasifu huu, nambari ni ile ile, na imeshajaribiwa. Anayeitaka anajua ninapokaa. Akinihamishia chini ya tangi nitakwenda nayo, na nitamweleza kila mtu njiani.

Mama Subiri, mengine haya ni yako peke yako, wageni watatuwia radhi. Tunakushukuru kwa vikombe vya chai ulivyotunywesha huku ukitusahihisha, kwa kutugombeza mbele ya watu na kututetea mbele ya wakubwa, na kwa kutuzoesha kusikiliza wimbo mpaka mwisho. Nenda ukapumzike na mzee wako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na nyumba isiyo na mende.

Ila usitoke mbali na simu Jumatatu asubuhi. Juzi limekuja ombi, na wimbo unaotakiwa ni ule wako. Mteja anataka sehemu ya mwisho, pale sauti inapopanda. Hatutasema hapa ni nani wala anauza nini, kwa sababu wa kwanza kuambiwa ni wewe. Mtambo, ambao tayari unafanyiwa majaribio, umeshatoa idhini. Kanda bado iko rafuni.

Tutakupigia saa nne. Tutataja jina la wimbo, tutaweka mkono wa simu mbele ya spika, na tutaupiga wote. Ukiisha, tutakueleza, kisha tutakuuliza kama ni sawa. Chukua muda wako mama. Tutasubiri.